Usiniambie Kilomita, Niambie Maji

(Haya ndiyo niliyoyasema Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri. Walikuwepo wakunga, manahodha, wauguzi, wahamasishaji wa afya ya jamii na wanafunzi wa chuo cha utabibu. Wengi wa Faza na Kiunga walizuiwa na upepo, wakaomba yaandikwe yote. Nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani. Michoro ya ukutani nimeiacha. Hata siku yenyewe jua liliifuta na hakuna aliyeiona.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliopanda ukutani mkaning'iniza miguu, hamjambo? Mliokaa juani sogeeni kivulini, maana maneno yangu si mafupi.

Naanza kwa kuuliza, na nataka mnijibu kwa sauti. Kutoka Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, mpaka hospitali ya King Fahd hapa Lamu, ni mbali kiasi gani?

(Nahodha mmoja, nyuma kabisa: "Maji yako vipi?")

Mmemsikia? Mimi nimeuliza swali, naye kanirudishia swali, na lake ni bora kuliko langu. Ramani haikuulizi maji yako vipi. Ramani inakupa kilomita, basi. Nahodha anajua kwamba maji yakijaa anapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, ndani kwa ndani katikati ya mikoko, bahari shwari. Maji yakipwa, Mkanda ni matope. Hapo ana mawili: angoje, au azunguke nje ya Manda kwenye bahari kuu, na kama ni kusi, bahari kuu ilivyo hamhitaji kuambiwa na mimi. Mgonjwa ni yule yule, chombo ni kile kile, injini ni ile ile. Saa ndizo zilizobadilika.

Leo nina neno moja tu. Umbali wa kwenda hospitali anaujua anayeusafiri, na asipouandika yeye, hakuna atakayeuandika. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tabu ni kwamba maiti haandiki ripoti.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapa kazi kubwa iliyoongozwa na watafiti walio hapa hapa Kenya. Walikusanya orodha ya hospitali za umma 4,908 katika nchi na visiwa 48 vya Afrika kusini mwa Sahara, wakapiga hesabu ya safari. Wakakuta asilimia 29 ya watu wako zaidi ya saa mbili kutoka hospitali iliyo karibu nao. Kwa nini saa mbili? Wakunga wananielewa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kipimo hicho hakikuokotwa.

Kazi hiyo naiheshimu sana. Kabla yake hata orodha ya hospitali zenyewe haikuwepo mahali pamoja. Lakini ramani za namna ile hujengwa kwa barabara na mwendo wa nchi kavu. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, haimo. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hayamo. Kusi na kaskazi hazimo. Kwa Mpeketoni, kwa Witu, kwa Hindi, ramani hiyo inaweza kukaribia ukweli. Kwa Ndau je? Kwa Kiwayu? Kwa Mkokoni?

Nawapa kisa. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie. Jina na kijiji nitavisitiri. Nilikuwa muuguzi wa zamu katika zahanati moja ya kisiwa cha Pate. Mimba ya kwanza, uchungu ulianza alfajiri, na magharibi ikaingia mtoto hashuki. Nikaandika barua ya rufaa. Chombo kilipatikana upesi. Petroli ndiyo iliyotuweka, mpaka mwenye duka akaamshwa, akafungua, akatupimia kwa chupa za plastiki za maji, tochi ya simu kaibana kwa meno. Godoro tukalitandika chini, dripu tukaifunga kwenye mti wa turubai kwa pindo la leso. Mama mkwe akaketi upande wa kichwa, anasoma kimya kimya.

Tulipofika mdomo wa Mkanda, nahodha akazima injini, akachukua upondo, akauchovya majini. Ukapanda juu na tope hadi nusu yake. Akasema, "Tungoje."

Tukangoja. Simu hazishiki, mbu wametuvaa, na mimi nimeinama na fetoskopu nasikiliza moyo wa mtoto, nahesabu, nanyanyuka, nainama tena. Mama yule hakupiga kelele hata mara moja. Alikuwa akiuliza tu, "Yamejaa?" Kila baada ya muda, "Yamejaa?" Na nahodha anajibu, "Bado kidogo, dada yangu."

Mama alipona, alhamdulillahi, na leo ana watoto wawili. Yule wa kwanza tulimzika.

Niliporudi kazini nikafungua rejista ya rufaa. Kuna safu ya tarehe, safu ya jina, umri, ugonjwa, na alikopelekwa. Nikaandika: uzazi uliokwama, King Fahd. Mstari ukajaa. Zile saa tulizokaa mikokoni hazikuwa na mahali pa kuandikwa. Aliyepitia rejista ile mwisho wa mwezi aliona rufaa moja, na imefanyika. Kwa hesabu ya karatasi, mambo yalikwenda sawa.

Nawauliza, mambo yalikwenda sawa?

("Hayakwenda!")

Hayakwenda. Lakini nani ana karatasi ya kuonyesha? Wakati wa kupanga bajeti ya kaunti, mtu akisimama akasema tunahitaji boti ya wagonjwa ilazwe Faza usiku na mchana, na petroli yake iwekwe kando isiguswe, ataulizwa: takwimu ziko wapi? Naye hana. Ana machozi, ana kisa kama hiki changu, takwimu hana.

Sasa twende kwenye maji mengine. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama anayekufa kwa uzazi hucheleweshwa mara tatu. Kwanza katika kuamua kwenda. Pili katika kufika. Tatu, akishafika, katika kupata matibabu yenyewe. Mkanda ni ule wa pili. Ule wa kwanza nataka kukaa nao kidogo, kwa sababu ndio unaosemwa vibaya.

Inasemwaje? "Watu wa visiwani hawapendi hospitali." "Akina mama wa huku wanasubiri mpaka wazidiwe." Nimeyasikia hayo kwenye mikutano yenye chai na maandazi, yakisemwa na watu wenye gari nje.

Alikuja mama na mtoto, homa siku ya tatu. Muuguzi mwenzangu akamfokea, amechelewa. Nikakaa naye pembeni, nikamuuliza polepole. Mume yuko dago, kambi ya wavuvi, simu haipatikani. Hela ya boti hana. Dukani anaweza kukopa, lakini deni kubwa bila mume kujua ni maneno. Nyumbani ana wengine wanne, na mdogo bado ananyonya. Siku ya kwanza alimpa mtoto panadoli ya dukani, homa ikashuka, akashukuru Mungu. Siku ya pili ikapanda usiku, wakati hakuna chombo. Siku ya tatu shemeji yake akapita na boti ya makuti, akampandisha bure, akaja. Sasa niambieni mama zangu, ni wapi hapo alipokataa hospitali? Mtu huyu alikuwa akipiga hesabu tangu siku ya kwanza. Sisi tuliona siku ya tatu tu.

Na hesabu ya pesa ndiyo kubwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA badala ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata hasikii uchungu. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kisha hutakiwa alipe mchango wa mwaka kwa pamoja. Kwa mvuvi wa Kizingitini, kusi likikaza, chombo kimepandishwa pwani, anakula kwa kukopa. Kaskazi ikirudi, kamba wakipatikana, ana pesa, na wadai wote wako mlangoni. Je, kuna aliyewahi kumuuliza mvuvi ni mwezi gani mkono wake una kitu? Hilo ni swali la utafiti kamili. Halihitaji maabara. Linahitaji mtu wa kukaa barazani na daftari kwa mwaka mmoja, kusi na kaskazi yake.

Ule ucheleweshaji wa tatu nitaupita haraka, si kwa kuwa ni mdogo. Mnaujua. Unafika, muuguzi ni mmoja, ana mzazi kitandani na foleni nje. Unafika, damu ya kundi lako haipo. Na wako ambao hata mlango wa kufikia haukuwepo. Wenzetu wa msitu wa Boni, wodi ya Basuba, baada ya mashambulizi ya 2014 na operesheni ya usalama iliyofuata, vituo vyao vya afya vilifungwa kwa miaka. Hapo ndipo Umra Omar, binti wa huku kwetu, alipoanzisha Safari Doctors mwaka 2015, wakawa wanakwenda vijijini na dawa na chanjo, na mwaka uliofuata CNN ikamtaja miongoni mwa mashujaa wake. Tulijivuna, na ilikuwa haki yetu kujivuna. Lakini Katiba ya 2010, ibara ya 43, haisemi afya ni haki ya kila mtu pale anapopatikana shujaa. Inasema ni haki ya kila mtu, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Naona wazee wawili wanatazamana. Najua mnawaza nini. Utafiti, utafiti, tumechoka kuulizwa maswali.

Mna haki. Watafiti wamekuwa kama majahazi ya zamani: huja na kaskazi, wakajaza, wakaondoka na kusi. Umeulizwa una choo, una watoto wangapi, wangapi wamekufa. Umejibu, umetia saini, umepewa sabuni. Majibu yakaenda kuchapwa mahali usipopajua, kwa lugha usiyoisoma. Na panapochukuliwa damu ndiyo kabisa. Mwambao mzima huu umelelewa na hadithi za mumiani, wanyonya damu za watu. Mtu akija na sindano na sanduku la barafu asieleze vizuri, watu watakumbuka nini? Hata Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza, wako tangu 1989, uvumi wa damu uliwasumbua, mpaka wakalazimika kuweka wawakilishi wa jamii wanaotoka vijijini humo humo, wa kuuliza kwa niaba ya wenzao: damu hii kiasi gani, ya nini, na majibu tutayapata lini? Hayo ni maswali ya haki. Yeyote akija kwako na daftari, muulize hayo kabla hujamkaribisha kiti.

Lakini msiniambie utafiti hauna faida, nami nimelala jana ndani ya chandarua. Chandarua chenye dawa kilijaribiwa hapo Kilifi, jirani zetu, watoto wao. Matokeo yalitoka mwaka 1996: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa thuluthi. Thuluthi! Kati ya kila majeneza matatu madogo, moja halikubebwa. Vyandarua vilivyogawiwa kwenu bure kliniki, ushahidi wake ulitoka humu humu mwambao.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu liliwashangaza wakubwa. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono baridi, mapigo dhaifu, vitabu vilisema mjaze maji ya dripu upesi upesi. Vitabu hivyo viliandikwa kwenye hospitali zenye mashine za kupumulia na daktari pembeni ya kila kitanda. Kathryn Maitland, daktari wa Kilifi, na wenzake wa Uganda na Tanzania, wakauliza swali ambalo wengi waliliona la ovyo: je, na kwetu ni hivyo hivyo? Wakafuatilia watoto 3,141 katika hospitali kama hizi zetu. Matokeo yakachapwa 2011. Miongoni mwa waliojazwa maji upesi, walikufa kati ya 10 na 11 katika kila 100 ndani ya siku mbili. Wasiojazwa hivyo, 7. Mnaelewa maana yake? Dawa iliyoaminiwa dunia nzima, kwa watoto wale, katika hospitali zile, ilikuwa ikiongeza vifo. Asingeuliza mtu wa hospitali ya mashambani, nani angeuliza?

Na hapa niwatahadharishe, hasa nyinyi wanafunzi. Jibu la Kilifi ni la Kilifi. Mwaka 2010 watafiti wa huko huko walichapa kwamba umbali wa kituo cha afya haukuonekana kuongeza vifo vya watoto katika eneo lao. Mtu mvivu anaweza kuichukua karatasi hiyo akasema, basi umbali si kitu, zahanati zilizopo zinatosha. Soma kichwa chake mpaka mwisho! Wenyewe wameandika wazi kwamba ni mahali penye vituo vingi vya afya. Kule mtu akikosa kituo hiki anakwenda kile, kwa bodaboda. Ukichukua jibu hilo ukalivusha bahari mpaka Kiwayu, umelizamisha njiani.

Kwa hiyo tufanyeje? Tungoje Kilifi waje watupimie? Tungoje Nairobi?

Alikuwepo daktari mmoja Wales, Julian Tudor Hart, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kiitwacho Glyncorrwg. Si profesa wa hospitali kubwa, ni daktari wa kijiji. Aliwapima shinikizo la damu watu wake wote, si wanaoumwa tu, wote, akaandika, akafuatilia miaka na miaka. Mwaka 1971 akachapa neno ambalo mpaka leo halijakanushwa: matibabu mazuri hupungua pale yanapohitajika zaidi. Kijiji chake kikatajwa kwenye vitabu vya udaktari duniani kote. Alikuwa na nini? Kliniki ndogo, rejista, na mazoea ya kuandika kila siku.

Rejista mnazo. Zahanati zote zinazo. Ninachoomba ni safu nne ziongezwe, kwa rula na kalamu, pembeni mwa rejista ya rufaa. Saa uamuzi wa rufaa ulipofanywa. Saa chombo au gari lilipoondoka. Saa mgonjwa alipopokewa. Na sababu ya kuchelewa, kwa neno moja: maji, petroli, chombo, pesa, mume, usalama, upepo. Basi. Bila jina la mgonjwa kutoka nje ya rejista; namba tu. Nimezungumza na wenye vituo kadhaa wakaniambia muuguzi ana kazi nyingi mno. Ni kweli, nami nimeifanya kazi hiyo. Ndiyo maana safu ya kuondoka na ya sababu nataka nahodha azijaze, au amwambie muuguzi kwa simu akishafika. Manahodha, mnakubali?

("Tunakubali!" Na mmoja: "Na petroli nani atajaza?")

Huyo ameuliza la maana, na sina petroli ya kumpa. Lakini nikiwa na mwaka mzima wa safu hizo, kutoka Faza, Siyu, Kizingitini, Ndau na Kiunga, nitaingia nazo kwenye kikao cha bajeti, na wawakilishi wa wodi watasoma mara ngapi imeandikwa "petroli". Watasoma wenyewe, mbele ya watu. Na kabla hazijaenda kwao zitasomwa hapa, Mkunguni, kwa Kiswahili, kila baada ya miezi mitatu. Mkiona nimekosea, mnisahihishe kabla ya kuchapwa chochote.

Kuna mama mkunga mmoja wa Siyu aliniuliza wiki iliyopita, na wale wanaofia nyumbani, wasiofika hata zahanati, utawaandika wapi? Swali hilo limeninyima usingizi. Rejista ya rufaa haiwajui. Jibu nililo nalo ni kwamba wahamasishaji wa afya, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba na simu, wanazo nyumba wanazozitembelea, na wanaweza kuandika kifo na kilichotangulia, kwa heshima, baada ya arubaini kwisha. Lakini hilo si la kuamriwa na mimi. Kuna nyumba haitaki, na isilazimishwe. Nataka wakunga mkae na wahamasishaji, mtuambie linafanyikaje bila kumtonesha mtu kidonda.

Karatasi zilizopigwa mistari ziko pale mezani, chini ya jiwe zisipeperuke. Kila kituo kichukue za miezi mitatu. Kalamu sina, mje nazo wenyewe. Sasa niulizeni, na waanze wakunga. Wanaume wangoje kidogo.